Farasi anagoma kupita penye ngalawa, Bagamoyo. Naombeni ushauri kabla sijafukuzwa kazi

Boda wa Dunda aliandika:

Wakuu habari za jioni. Jina langu lisiwachanganye, uzi huu si wa pikipiki. Nimeendesha boda miaka minne, stendi hadi Dunda, Dunda hadi Kaole, mpaka mwaka huu nilipopata kazi kwenye nyumba moja ya wageni ufukweni. Jina lake siitaji. Bosi alileta farasi wawili kwa lori kutoka Arusha ili wageni wapande maji yakikupwa, wapige picha, walipe. Akauliza nani kati yetu haogopi wanyama. Nikanyoosha mkono. Kusema kweli nilikuwa nawaza mshahara.

Mmoja ni dume aliyehasiwa, mzee, ukimpandisha mtoto anatembea huku anasinzia. Yule hana neno. Shida ni jike, tunamwita Tausi, ana miaka saba kwa maneno ya waliomuuza. Ukiwa chini ni mpole kuliko mbuzi wa mama. Ananifuata bandani, ananipekua mfukoni kwa midomo, namchokoa kwato zote nne wala hatikisiki. Nikishapanda anakuwa mnyama mwingine. Anarusha kichwa juu, chini, juu. Siku moja alinigonga nacho pua, damu hadi kwenye shati. Nikimsimamisha anaongeza mwendo. Nikimwambia twende anarudi kinyumenyume.

Halafu kuna ngalawa. Tukitoka getini tukapinda kulia, hatua kama mia mbili, zipo nne au tano zimevutwa mchangani. Moja ina tanga la buluu lililotoboka, mwenyewe halikunji vizuri, upepo ukija linapiga pa! pa! pa! Hapo Tausi hapiti. Nampeleka moja kwa moja mbele yake alizoee, nampiga visigino, huku nimekaza hatamu, zile kamba za kumwongozea, asigeuke. Anasimama anatetemeka, kisha anageuka ghafla kama pikipiki iliyokanyaga utelezi. Jumatatu nilianguka mbele ya wavuvi wote. Wamenipachika jina ambalo siliandiki humu.

Bosi amesema mawili. Moja, ataagiza lijamu kali, yaani chuma cha mdomoni, ile yenye vyuma virefu pembeni, ili akivutwa asikie. Pili, kuna kundi la wageni linakuja baada ya wiki tatu. Tausi asipokuwa tayari atauzwa, na mimi nirudi stendi.

Hiyo lijamu itasaidia? Na yupo humu anayeijua kazi hii kwelikweli? Mimi walimu wangu ni video za kwenye simu na dereva wa lori aliyewaleta.

Jembe la Pwani alijibu:

Mkuu mbona rahisi. Mnyama akishajua unamwogopa amekumaliza. Funga hiyo lijamu, shika kiboko, mpitishe pale kwa nguvu siku moja tu, ya pili atapita mwenyewe. Babu yangu alikuwa na ng'ombe wa kulimia na hakuna hata mmoja aliyethubutu kugoma. Ukimbembeleza mnyama unamfundisha kiburi.

Saisi Mstaafu alijibu:

Mwanangu Boda, pole na pua. Huyo wa Jembe nimemsoma, nitamrudia.

Mimi nipo Tanga, Chumbageni, na umri umenitupa mkono. Ujanani nilikwenda Oman nikidhani nakwenda kusimama dukani kwa mjomba, nikaishia kwenye mabanda ya farasi, miaka kumi na saba. Mtunza farasi kule huitwa saisi, na wazee wetu wa pwani walimwita hivyohivyo. Saisi, lijamu, hatamu, seruji, maneno yote haya yalivuka bahari yakakaa kwetu. Farasi wenyewe ndio waliobaki wachache.

Hiyo lijamu mwambie bosi asiinunue. Vile vyuma virefu ni wenzo, sawa na mtaimbo wa kung'olea jiwe: mkono ukivuta kidogo huku, mdomoni inafika nyingi. Akiishika mtu mwenye mkono uliokwishatulia, hutumia uzito wa uzi tu. Wewe mkono wako bado haujatulia. Usikasirike, nitakueleza nimejuaje.

Kwanza lakini mkague, kwa sababu farasi anayerusha kichwa mara nyingi anasema "panauma" kwa lugha pekee aliyo nayo. Meno ya farasi hayaachi kuchomoza na husagika kwa kutafuna. Magego ya juu hubaki na ncha kali upande wa shavuni, na chuma kikivuta shavu kuelekea kwenye ncha hizo, mdomo unachanika kwa ndani, wewe huoni kitu. Daktari wa mifugo huyapiga tupa. Si kazi ya fundi seremala, nasema hivyo kwa sababu nimewahi kumwona mtu akimwita fundi seremala. Kisha tandiko. Siku ukimfanyisha kazi akatoka jasho, livue polepole utazame mgongo. Jasho likiwa limelowesha kote sawasawa, vizuri. Ukikuta vipande vikavu viwili karibu na mabega huku pembeni pamelowa, basi hapo panabanwa. Ukikuta na nywele nyeupe ambazo si za rangi yake, hapo pameumizwa zamani.

Sasa mkono. Umeandika hivi: "nampiga visigino, huku nimekaza hatamu". Wewe ni dereva. Kuna siku ulishika breki ya mbele ukavuta na mafuta kwa pamoja, halafu ukaitukana pikipiki kwa nini inanguruma pale pale? Visigino vinamwambia nenda, mdomo unamwambia simama. Akienda, anaumia mdomo. Akisimama, anaumia mbavu. Njia iliyobaki wazi ni kurudi nyuma, au juu, au kukugonga pua.

Na hapa ndipo boda inapokudanganya. Pikipiki ukitaka isimame unashika breki na unaendelea kushika mpaka isimame, na ukiendelea kushika hata ikishasimama, haina kinyongo. Farasi hajifunzi kwa kuvutwa. Anajifunza pale unapoachia. Unafunga vidole, anawaza: huyu anataka nini? Anajaribu hiki, anajaribu kile, mara anapunguza hatua moja, na palepale, ndani ya sekunde moja, vidole vinafunguka. Aa, kumbe ni hili. Kesho atalifanya upesi zaidi. Lakini ukichelewa kufungua, yeye ameshapita kwenye jambo jingine, amerusha kichwa, na ukifungua wakati huo umemfundisha kurusha kichwa. Mwanangu, nadhani hivyo ndivyo ulivyomfundisha. Umeachia kila aliporusha, maana ulikuwa unaogopa pua.

Nayajua kwa kuwa niliyafanya. Mwaka wangu wa pili nilipewa jike mmoja wa kijivu, mwenye mdomo mwepesi kama wa mtoto. Baada ya miezi minne alikuwa anavuta kuliko mimi. Nikaona mnyama ameharibika, nikaenda kumwambia mkubwa wetu, Mbulushi mmoja mzee ambaye hakupenda maneno mengi. Akapanda yeye. Yule jike akaenda, akasimama, akageuka duara, na sikuona hata kidole kikitikisika. Akashuka, akanivua hatamu mkononi, akaniambia nizikose wiki tatu. Wiki tatu nzima nilipanda farasi wa kufunzia, amefungwa kamba ndefu, yule mzee amesimama katikati ya duara ameishika, na mimi mikono nimeinyoosha kama ndege. Vikuku vya kukanyagia alivivua pia. Mwendo wa matiti bila vikuku (msicheke vijana, hilo ndilo jina la zamani la mchakamchaka wa farasi) unakurusha hadi meno yanagongana. Siku ya tano nililia, naandika hapa kwa sababu hamnijui.

Nilichokuwa nafanya ni kujishikilia kwa hatamu. Kila nilipoyumba nilimvuta mdomo, na yeye hakuweza kujua lipi ni neno na lipi ni kuyumba kwangu. Makalio yakishapata utulivu, mikono inakuwa huru kusema. Kwa hiyo anza na wewe, Tausi baadaye. Mtumie huyo dume mzee, apewe kamba ya mita saba au nane, mtu ashike katikati, nawe panda bila hatamu, dakika ishirini tu kwa siku. Fumba macho uhesabu miguu yake. Mwendo wa kawaida una mapigo manne, wa matiti mawili, wa mbio ndogo matatu. Ukiweza kusema bila kutazama "sasa mguu wa nyuma wa kushoto umekanyaga", nijulishe.

Zoezi la nyumbani: chukua kamba ya kuanikia nguo. Mpe dada yako au mkeo ncha mbili, kila mkono ncha moja, akupe mgongo afumbe macho. Yeye farasi, wewe nyuma umeshika hatamu. Bila kusema neno mgeuze kulia, msimamishe, mwendeshe. Halafu badilishaneni. Mke wangu aliniambia: "Unavuta kama unateka maji kisimani." Hiyo ni baada ya miaka kumi na saba ya Oman.

Habari ya ngalawa nitaandika kesho, nimeitwa chakula.

Punda wa Pongwe alijibu:

Shikamoo mzee Saisi. Jirani, hapa Pongwe. Farasi sina na wala sitarajii, Tanga tunao mtaa wa Ngamiani na sijamwona ngamia. Nina punda wawili wa mkokoteni, nabeba madumu ya maji na siku nyingine mawe. Naomba niseme neno moja kwa niaba yao, kwa sababu nimechoka na ule msemo wa asante ya punda ni mateke. Nani alimuuliza punda alikuwa anashukuriwa kwa lipi?

Mwaka juzi mkubwa wangu aligoma kupita kalavati. Njia ileile aliyopita miaka. Punda akiogopa hakimbii kama farasi, anaganda. Watu wanaona ubishi, kumbe anatafakari. Nikampiga, ndiyo, nilimpiga, tena mbele ya watu, na yule wa Jembe angefurahi. Hakusogea hata kwato. Akaja mama mmoja muuza mihogo, akaniambia, baba, mbona mkanda wa kifuani umemkata? Nikainua. Palikuwa na kidonda cha ukubwa wa sarafu ya mia mbili, chini ya mkanda, nami nimemfunga siku tatu bila kutazama. Kalavati ina kamteremko. Akishuka mzigo unasukuma, mkanda unasugua palepale.

Nikashusha madumu yote kumi na mawili barabarani. Nikamfungua. Akapita kalavati peke yake, akanisubiri ng'ambo.

Ndiyo hivyo tu. Sasa kila asubuhi napitisha kiganja chini ya kila mkanda kabla sijafunga. Punda hasemi akiumia, anaficha, ndiyo maana anaonekana mvumilivu.

Jembe la Pwani alijibu:

Haya, sasa farasi anasoma mawazo na punda anatafakari. Mkuu una wiki tatu, si miaka kumi na saba.

Mwalimu wa Hesabu alijibu:

Kaka Jembe, mawazo hasomi, ila mwili anausoma vibaya sana. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Berlin palikuwa na farasi maarufu aliyeitwa Hans. Bwana wake, Wilhelm von Osten, alikuwa mwalimu wa hesabu kama mimi, na watu waliamini farasi yule anajumlisha na kutoa. Unamuuliza tatu na nne, anagonga ardhi kwa kwato mara saba, anaacha. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst akaonyesha siri yake: muulizaji akiwa hajui jibu, Hans naye hajui. Alikuwa anatazama watu. Kwato ikifika hesabu sahihi, muulizaji bila kujijua anainua kichwa kidogo sana au analegeza mabega, na Hans anaacha kugonga. Hata von Osten mwenyewe hakujua kwamba anafanya hivyo.

Sasa wewe panda mgongoni mwa mnyama wa namna hiyo ukiwa umekaza mapaja kwa kuogopa ngalawa. Ataogopa ngalawa, au atakusoma wewe?

Boda wa Dunda alijibu:

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimekagua. Jana baada ya mazoezi nilivua tandiko. Vipande viwili vikavu, kushoto na kulia, kama viganja vimewekwa pale. Nywele nyeupe zipo upande wa kushoto, chache, nilikuwa nadhani ni urembo. Halafu nikagundua jambo la aibu: tandiko hili ni la dume. Lile la Tausi lilikuja na lori likawekwa stoo kwa sababu ni baya, ngozi imechakaa, na bosi alitaka zuri lipigwe picha. Nimempelekea bosi picha ya mgongo, hakujibu, ila hakukataa nilipochukua lile la stoo.

Zoezi la kamba nimefanya na dada. Nimemgeuza kulia mara moja tu akapiga kelele kwamba nataka kumng'oa mkono. Zamu yake ilipofika kunishika mimi ndipo nilipoelewa. Ukiwa umefumba macho, kamba ikikazwa ikabaki imekazwa hujui unachoambiwa. Unaanza kuchukia.

Na hilo la kuachia kila anaporusha kichwa, mzee, ni kweli. Umejuaje?

Saisi Mstaafu alijibu:

Marahaba wanangu. Nimejua kwa sababu wote tunafanya.

Ngalawa sasa. Kwanza ujue anavyoona. Macho ya farasi yako pembeni, anazunguka karibu nyuzi 350 kati ya 360 bila kugeuza shingo. Asipopaona ni mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Wewe unamshika kichwa akitazame kitu moja kwa moja, tena karibu, tena umembana asiinue shingo. Umempofusha halafu unataka awe jasiri.

Ufanye hivi. Shuka, usimpande. Mwongoze kwa miguu kuelekea ngalawa huku ukitazama masikio. Mahali masikio yanaposimama lakini miguu bado inatembea, hapo ndipo darasani. Huenda ni hatua themanini kutoka kwenye tanga. Simama. Kamba ilegee, aruhusiwe kuinua kichwa. Ngoja. Tumbaku ipo? Vuta, kama huvuti hesabu mashua. Atafika mahali atashusha shingo na kupumua kwa nguvu puani. Palepale mgeuze wewe, mwondoke, kabla hajaomba kuondoka. Kuondoka ndiyo malipo yake. Rudi tena, utaona hatua zimekuwa sabini. Siku hiyo ukifika sitini, nendeni nyumbani.

Ukishamaliza upande mmoja, anza upya mkitokea upande wa pili, ngalawa ikiwa kwenye jicho jingine. Mara nyingi kitu alichokizoea mkienda humshtua tena mkirudi. Usimtukane.

Jambo la mwisho ni zuri zaidi. Kitu kinachomjia farasi kinamtisha. Kitu kinachomkimbia kinampa moyo. Ongea na wavuvi waliokupa jina. Wakati wanashusha ngalawa majini, wewe na Tausi muwe nyuma yake, mbali, muifuate.

Kuhusu maji: fanya kazi kwenye mchanga mgumu uliolowa, si ule mlaini wa juu, ule unachosha mishipa ya miguu. Sasa hivi tunaingia bamvua, maji yanakwenda mbali, una uwanja mpana. Yakija maji mafu utabaki na ukanda mwembamba umebanwa kati ya ngalawa na bahari, kwa hiyo wahi wiki hii. Na kumbuka kila siku yanachelewa kama dakika hamsini, usipange saa moja ileile ukashangaa umekuta bahari.

Jembe, nilikuahidi. Kazi hii ingekuwa ya nguvu, Lis Hartel wa Denmark asingeijua kabisa. Polio ilimwachia miguu isiyo na nguvu chini ya magoti, alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, mwaka wa kwanza wanawake kuruhusiwa kushindana na wanaume katika mchezo ule wa kumwongoza farasi kwa hatua za ustadi, alichukua medali ya fedha. Farasi wake aliitwa Jubilee. Na huko Oman kuna Ardha, farasi wawili wanakuja mbio bega kwa bega, wapandaji wameshikana mikono, wengine wamesimama wima mgongoni. Aliyesimama wima juu ya farasi anayekimbia anavuta nini?

Nilisahau wageni. Wasipewe hatamu. Mfungie farasi mkanda shingoni, mgeni ashike huo, nawe uongoze kwa kamba. Na uzito: wengi hutumia kanuni ya mpandaji na tandiko wasizidi moja ya tano ya uzito wa farasi. Tausi akiwa kilo 400, ni kilo 80 jumla, tandiko ndani yake. Mnunue mizani ya bafuni, muiweke kwenye meza ya mapokezi, msione haya.

Daktari wa Ng'ombe alijibu:

Nipite haraka. Mazoezi yote hayo ni bure kama atakufa. Pwani yetu ina usubi, wale wadudu wadogo wanaouma, na usubi ndio wanaobeba ule ugonjwa hatari wa farasi wa Afrika. Aina yake inayoshambulia mapafu huua wengi mno, na kwa siku chache tu. Wanauma zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri, hasa baada ya mvua. Kwa hiyo jua likianza kushuka awe bandani, madirisha yawe na wavu wa matundu madogo kuliko ya chandarua cha kawaida, na uulize kama amechanjwa, uone karatasi, si maneno. Punda na pundamilia huambukizwa lakini mara nyingi hawafi, usijifariji kwa punda wa jirani.

La pili ni ndorobo, wale inzi wanaoambukiza mifugo maradhi. Wageni wakiomba mwende mbali kaskazini kuelekea Saadani, kataa. Mnajua kwa nini mizigo ya misafara mingi ya zamani hapo Bagamoyo ilibebwa na wapagazi kichwani? Wanyama wa mizigo walikuwa wanakufa njiani. Stanley alipoondoka hapo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili. Wote walikufa kabla hajafika mbali.

Meno apigwe tupa na daktari akiwa ametulizwa kwa sindano.

Boda wa Dunda aliandika, wiki tatu baadaye:

Wakuu naleta mrejesho, samahani kwa ukimya.

Daktari alikuja kutoka Dar, bosi alilipa kwa kununa. Ncha zilikuwepo, na shavu la kulia lilikuwa na kidonda kirefu kama punje ya mchele. Tulimpumzisha siku nane bila chuma mdomoni. Siku hizo nane nilikuwa juu ya dume, mikono kama ndege, mpwa wangu kashika kamba. Nimeanguka mara mbili, zote kwenye matiti. Mguu wa nyuma wa kushoto naujua sasa mwendo wa kawaida, kwenye matiti bado nabahatisha.

Tausi ameacha kurusha kichwa. Si kabisa, akiona nimekaza anatikisa kidogo, kama anabisha hodi. Nafungua vidole, anatulia. Kusimama tumepata kwa kupumua. Natoa pumzi, nakaa vizuri, nafunga vidole, anasimama. Siku ya kwanza alisimama kabla sijafunga vidole nikabaki nimeduwaa, nikasahau hata kumsifu.

Ngalawa, siku ya kwanza tulianzia hatua tisini. Nilimwona nikasema hapa hatufiki hata Idi. Siku ya sita tukawa ishirini. Mwenye tanga la buluu ndiye aliyenipa lile jina, nikamwendea, nikamweleza. Alicheka kwanza. Juzi alfajiri walikuwa wanashusha, watu sita, wanaimba, magogo chini yanazunguka, tanga limefungwa nusu linapiga vilevile. Nikashuka nikasimama naye nyuma, kamba imelegea. Ngalawa ikaanza kwenda. Tausi masikio mbele, shingo juu kama mnazi. Akavuta hatua moja. Nikamfuata. Nyingine. Ilipoingia majini yeye alikuwa ameshaloa magoti, na mimi simu ilikuwa mfukoni.

Wageni wamekuja. Bosi alitaka Tausi abebe baba mmoja mkubwa, nikamwonyesha mizani. Akapewa dume, naye akashuka baada ya dakika kumi kwa sababu mapaja yanauma. Tausi nilimwongoza kwa kamba na binti mmoja mdogo juu yake, ameshika mkanda wa shingoni. Tulipita penye ngalawa zote isipokuwa ile ya buluu. Hapo alisimama, akatazama, tukageuka mimi nikiwa wa kwanza.

Swali la leo, mzee: bosi sasa anataka akimbizwe kwenye maji ili wapige picha ya tangazo. Maji ya kina gani ndiyo ya kumwanzia?

Saisi Mstaafu alijibu:

Ya kifundo cha mguu, na kwa mwendo wa kawaida, mwezi mzima. Picha hiyo nayo ni nzuri. Simu ilipona?